Kizuri Chajiuza

Kizuri chajiuza, husema watu.
Basi changu kibaya, maana nakitembeza
tangu alfajiri, giza halijainua mguu,
nakala arobaini na nane
ndani ya mkoba wa magurudumu ulionunuliwa kwa ajili ya viazi,
kutoka stendi ya Võru hadi maktaba ya Antsla,
theluji ikinifuta nyayo kabla sijazihesabu.

Shirika langu la uchapishaji ni meza moja,
kabati la marehemu mama, printa inayokohoa,
na mimi: mhariri, mhasibu, mfunga vifurushi,
karani anayepokea simu, akasema "subiri kidogo,"
akakohoa, akabadili sauti, akawa mkurugenzi.
Chini ya kitanda ni maboksi.
Nalala juu ya washairi sita.
Wawili wamekufa. Hakuna anayekoroma.

Novemba kikafika kitabu cha Õie Palumäe,
dereva wa trekta mstaafu, miaka themanini na mitatu,
aliyeandika kwa lugha ya huku kusini.
Shuleni alichapwa vidole kwa kuisema.
Sasa imechapwa yenyewe,
nakala mia tatu, jalada la buluu.
Nikapasua boksi la kwanza kwa kisu cha mkate.

Oie.

Kiwimbi juu ya herufi hakikuwapo.
Jaladani, mgongoni, mara mia tatu,
O tupu, mdomo wa mtu
aliyesahau alilotaka kusema.
Kiwanda cha Tartu kikanirudishia fomu yenye sahihi yangu.
Ni mimi. Nilikagua kila koma ya ndani
nikapita mlangoni bila kusoma kibao.

Kuchapa upya: yuro elfu moja na mia nne.
Benki: mia mbili kumi na moja,
na bili ya umeme iko njiani, haina haraka, itafika.

Nikampelekea mwenyewe. Maneno ya kuomba radhi
niliyapanga basi zima, yakanitoka kizingitini.
Akavaa miwani. Akatazama.
"Huyu Oie simjui," akasema,
"ila mashairi yake si mabaya."
Akafungua droo ya sindano na vifungo,
akatoa kalamu ya wino mweupe
ya kuandikia chupa za jamu,
akachora juu ya O.
Mkono ulitetemeka. Kiwimbi kikapinda
kama nyusi ya mtu anayeuliza bei.

Nikabandika tangazo maktabani:
Wanatafutwa wenye mkono. Chai ipo.

Tulikuwa kumi na wanne.
Heldur wa posta alichora kwa ulimi nje, kama mtoto.
Mapacha wa fundi saa walishindana, wakamwaga wino.
Akaja na Maimu, binti wa yule mwalimu wa rula,
akakaa pembeni, akatia viwimbi hamsini
bila kuinua kichwa.
Hakuna aliyesema kitu.
Õie alimmiminia chai, akamwekea sukari bila kumuuliza.

Kila mtu alinunua ile aliyoiharibu zaidi.
Sitini na moja, siku moja!
Sijawahi kuuza sitini na moja kwa mwaka.
Nikalipa umeme. Nikala samaki.

Kisha Tallinn, duka lenye ngazi za kujiendesha,
likarudisha ishirini zote.
Sababu: zimechorwachorwa.

Ndizo hizi, humu, chini ya skafu yangu.

Mkutubi wa Antsla amekung'uta theluji mabegani mwangu,
anachukua mbili, anasema bajeti, unajua.
Najua. Anazigeuza kwenye mwanga wa dirisha.
"Hii moja mbona haina kiwimbi?"

Nampa kalamu.